Maneti ya Tata

Baba yangu aliendesha mashine ya kuchimba katika shimo la mgodi, ile yenye mkono mrefu wa chuma na ndoo yenye meno. Waliofanya kazi naye walisimulia kwamba aliweza kuokota kofia ya mfanyakazi kutoka chini kwa meno ya ndoo bila kuikwaruza. Sikuwahi kuona. Nilichokiona nyumbani ni mikono yake: alivyofunga skrubu ya redio kwa ukucha wa kidole gumba, alivyomenya chungwa ganda likatoka moja, refu, bila kukatika. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kwa ajili ya kazi ya mgodi, yeye akazaliwa Kolwezi, akakulia humo, akastaafu humo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono ndiyo iliyomsemea.

Kiharusi kilimpata Jumapili asubuhi akifunga tai ya kwendea kanisani. Baada ya miezi kadhaa mguu ulirudi, maneno yakarudi, lakini mkono wa kuume ukabaki nyuma. Aliweza kuuinua hadi kifuani, vidole vikafunguka nusu, basi. Mama alimnyoa ndevu, dada yangu alimkatia nyama sahanini, naye alitazama dirishani wakati wakifanya hivyo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye kwetu kila mtu humwita kine, alikuja Jumanne na Ijumaa na mpira wake wa kubonyeza. Siku moja aliniambia, "Mutafutie kitu ya kufanyisha vidole kazi, kitu yenye anapenda. Huu mupira unamuchosha."

Mimi hutengeneza simu na skrini katika kibanda karibu na soko. Dereva mmoja aliyekuwa akihamia Dilolo aliniachia mashine yake ya michezo, ile inayounganishwa na televisheni, pamoja na maneti tatu, yaani vile vishikizo vya mikononi vyenye vitufe. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Ni hadithi ya wasafiri wanaovuka nchi ya falme zilizoanguka, yenye majitu, wachawi na milima inayotembea. Msafara una nafasi nne. Unaweza kwenda peke yako, unaweza kwenda wanne, na yeyote asiyeshikiwa maneti huendeshwa na mashine yenyewe. Kadiri mnavyokuwa wengi ndivyo maadui wanavyopewa uhai mwingi zaidi, ili wingi wenu usigeuke mteremko. Ukiona mwenzako hakufai, unamwacha kambini, naye anakaa karibu na moto hadi umrudie.

Dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu na anafundisha shule ya msingi, alichukua mwanamke wa upanga. Mimi nilichukua mtu wa ngao. Wa nne alikuwa mpiga mishale aliyeendeshwa na mashine. Baba, ambaye sisi humwita tata, alipoulizwa alisema, "Munipe ule wa kuponyesha watu. Mi sitaki kuua."

Jumamosi za mwanzo zilikuwa nzuri, nami nazikumbuka kwa uchungu kwa sababu ya yaliyofuata. Mama aliweka kiti cha tata katikati, akamwekea mto chini ya kiwiko. Umeme ukiwapo tulicheza tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Tata alikuwa mzito sana. Mkono wa kushoto ulimwongoza yule mponyaji vizuri, ila vitufe vya kuume vilihitaji vidole visivyomtii. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, kisha kidole kinashuka. Lakini kwenye kisima cha kijiji cha kwanza, dada yangu alipoangushwa na mbwa-mwitu wawili, yule mponyaji alijikokota hadi alipolala, akainua fimbo, na dada akasimama tena na uhai wake wote. Tata aliugeuza mkono wake juu ya goti, akautazama pande zote mbili.

Sasa niseme habari ya taji. Mchezo huo una viwango vitatu vya ugumu: rahisi, kawaida na kigumu. Anayeanza kwa kigumu hupewa taji dogo la chuma pembeni ya jina lake, na akishusha ugumu hata mara moja, taji linafutika na halirudi. Vijana wanaoleta simu zao kibandani walikuwa na kundi la kutumiana picha za mchezo huo, na wenye taji walikuwa watatu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mke, naishi kwa wazazi, nachomelea waya nyembamba siku nzima. Katika kundi lile nilisikilizwa. Mtu akikwama mahali aliniandikia mimi.

Tulikwama kwenye daraja. Hapo kuna jitu lenye nyundo, nalo halisubiri mtu ahesabu moja, mbili. Tulilijaribu Jumamosi tatu. Kila mara ilikwenda vilevile: dada anaumia, mimi naumia, mponyaji yuko pale pale, fimbo inainuka tukiwa tumeshakufa.

"Tushushe kidogo," dada alisema. "Tuweke kawaida. Juu ya nini tunajitesa?"

"Tukishusha hapa tutashusha kila mahali," nilijibu.

"Na kama tukishusha kila mahali, nani atakufa?"

Nilikuwa nafikiria taji.

Jumamosi ya nne nilisema tujaribu tukiwa watatu, dada, mimi na mpiga mishale, kwa sababu jitu lingepungukiwa uhai. Nilimweleza tata hesabu hiyo kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mteja kwa nini skrini mpya ni afadhali. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Bon, sawa," alisema. "Mi nalinda kambi."

Tulicheza karibu saa nzima. Yeye alikaa katikati yetu na maneti mapajani, akitazama pembe ya skrini ambako mponyaji wake alikuwa ameketi kando ya moto. Hatukulishinda jitu, maana bila mponyaji hatukuwa na wa kutuinua. Mama alipopita na sahani alimwuliza, "Uko unacheza?" Tata akamjibu, "Ndiyo, niko nacheza."

Ningeweza kushusha ugumu pale pale. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu. Badala yake, Jumamosi iliyofuata asubuhi, nilipokuwa bado peke yangu sebuleni, niliikata maneti ya tata isiunganike tena na mashine, nikabandika kipande cha plasta juu ya kitaa chake, kile kinachowaka ikiwa imeunganishwa. Nilimrudisha mponyaji msafarani, safari hii aendeshwe na mashine. Tata alipouliza juu ya plasta nilisema kile kitaa kilikuwa kinaniumiza macho.

Nilijiambia namwonea huruma, kwamba ni afadhali akae nasi kuliko kukaa kambini. Kwa siku chache niliamini hivyo.

Tulilishinda jitu asubuhi ile ile. Mponyaji alikuwa kila mahali, fimbo ikiinuka kabla ya nyundo haijashuka. Dada alinitazama mara moja, akaitazama ile plasta, akaelewa. Tata alikuwa ameinama mbele, vidole vyake vikibonyeza vitufe ovyo, jasho likimtoka. Jitu lilipoanguka alivuta pumzi ndefu.

"Mukono iko inarudi," alisema. "Muone vile. Mi nafikiri tu, yeye amekwisha kufanya."

Jikoni dada alinishika mkono. "Ondoa ile kitu leo."

"Nitaondoa Jumamosi."

Jumamosi sikuondoa. Wala ile nyingine. Tulivuka mapango ya chumvi, tukapita mlango wa wachawi na kuuchukua mnara wao, na kila mahali mponyaji wa tata ndiye aliyetuokoa. Nilituma picha kundini nikasifiwa. Tata alianza kuvaa shati zuri Jumamosi. Watu wa kikundi cha maombi walipokuja Alhamisi jioni kabla jua halijazama, aliwaambia mkono umefunguka, na wakamshukuru Mungu kwa wimbo mrefu, nami nilisimama mlangoni nikaimba nao.

Kisha akaanza kuukataa ule mpira. "Batoto bamenipatia dawa mukubwa kuliko hii," alimwambia kine. Kine hakuridhika. Alimwomba aubonyeze mara moja, na vidole vikafunguka nusu, kama siku zote. Tata akasema mpira hauonyeshi kitu, njoo Jumamosi uone mwenyewe.

Alikuja kweli. Alisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, akitazama skrini, kisha mkono wa tata, kisha skrini. Tulipomaliza alinifuata nje hadi kwenye lango. Malori ya mgodi yalikuwa yakipita na vumbi jekundu likatushukia sote wawili, tukangoja lipungue.

"Ni yeye kweli anaendesha ule mutu?" aliniuliza.

Nilisema, "Ni yeye."

Alinitazama kidogo. "Basi ni mambo makubwa," alisema. Tangu siku hiyo alikuwa akija mara moja tu kila wiki mbili, kisha tata akamwambia asijisumbue tena.

Nimeyapima mambo yote niliyofanya, na maneno hayo mawili kwenye lango ndiyo yanayonirudia. Plasta niliibandika nikiwa peke yangu. Lango lilikuwa na mtu mbele yangu, ananiuliza kwa lugha ya wazi, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kujibu ukweli.

Miezi miwili baadaye shangazi yangu, dada yake tata, alifika kwa treni kutoka Lubudi na gunia la unga na maharage. Walikuwa hawajaonana tangu kiharusi. Mama aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, uani, akatenga birika la chai, akatoa vikombe vizuri. Birika lilipochemka tata aliinuka.

"Ikaa," alimwambia mama. "Leo ni mi nitamumiminia dada yangu chai."

Mama alisita. "Acha, papa, iko moto sana."

"Huu mukono umepita mulango ya wachawi," alisema tata. Shangazi hakuelewa, akacheka. Tata alilishika birika kwa mkono wa kuume, akaliinua.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, hatua nne kutoka kwake. Nilijua. Katika uwanja ule ni mimi na dada tu tuliojua, na dada alikuwa shuleni. Nilifungua mdomo, nikafikiri: nikisema "usifanye," ataniuliza kwa nini. Nikanyamaza.

Birika lilifika usawa wa kifua. Vidole vikafunguka. Maji yote yalimwagika juu ya paja lake na mguu wa kushoto. Hakupiga kelele. Aliketi taratibu, akautazama mkono wake uliokuwa bado umeinuka hewani, na kusema kama anayeuliza, "Lakini Jumamosi... Jumamosi ulikuwa muzuri."

Tulimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, mama amemshika kwa nyuma. Ngozi ya paja ilitoka. Alilala kitandani wiki tatu, na mimi ndiye niliyemsafisha vidonda, kwa sababu hakutaka mama wala dada waone paja lake. Shangazi aliahirisha safari yake ili amsaidie mama. Kila nilipotoka chumbani na beseni alisema, "Mungu akubariki, mwana. Batoto ba siku hizi habafanye hivi."

Dada alinipa siku tano. "Kama hauseme, mi nitasema," aliniambia. "Na mi nitasema vibaya."

Siku ya tano, asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda na bendeji mkononi, nilisema. Nilianza na plasta, nikamaliza na plasta. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

Tata alingoja hadi nilipomaliza kufunga bendeji. Kisha akaanza kuuliza, mahali kwa mahali, kwa mpangilio tuliopita.

"Ile jitu ya daraja?"

"Ilikuwa mashine, tata."

"Na kwenye mapango, wakati dada yako aliingia mu maji?"

"Mashine."

"Ule mulango ya wachawi. Nilibonyeza mara tatu, taa ikatoka. Nilihesabu."

"Ilikuwa mashine, tata."

Alikumbuka kila kitu. Alinitajia mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau, kichaka fulani, mbuzi fulani tuliyemwokoa, na kila mara nililazimika kujibu neno lile lile. Mwisho akauliza, "Hata siku moja si mimi?"

"Kwenye kisima," nilisema. "Pale mwanzo, na mbwa-mwitu. Ule ulikuwa wewe."

Alifumba macho. "Kisima," alisema. "Bon." Kisha: "Juu ya nini?"

Ningeweza kumwambia ni kwa sababu nilimwonea huruma, na angelikubali. Nilimwambia habari ya taji. Aliomba kuliona. Nilitoa simu mfukoni, nikafungua lile kundi, nikampa. Aliisogeza karibu na macho, kisha mbali, akitafuta.

"Njo hii taji?"

"Njo hiyo."

"Iko kadogo," alisema, akanirudishia simu.

Hakunikemea. Siku ile wala baadaye. Ningependa niseme alinitukana, au alinifukuza, maana ningekuwa na kitu cha kushika. Mchana shangazi aliingia na uji, akakaa kitandani, akamwuliza mbele yangu, mama naye akiwa mlangoni: ilikuwaje mtu mgonjwa ukashika birika la moto, nani alikudanganya kwamba umepona?

Tata alikunywa kijiko kimoja kwanza. "Kichwa yangu nguvu tu," alisema. "Huyu alinikatalia tangu zamani. Mi njo sikusikia."

Shangazi akanigeukia na kunishika shavu. Mama alisema, "Asante, mwanangu." Nilibaki nimesimama na taulo begani. Dada alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbini, na aliposikia hayo aliondoka.

Jumatatu nilikwenda kwa kine, nyumbani kwake, kabla hajaanza mizunguko. Nilimkuta akila mkate kwenye kibaraza. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Mi niliona mukono wake," alisema. "Ule mupira ulinionyesha. Nilikuuliza weye juu weye ni mutoto wake." Alimaliza mkate. "Ile miezi miwili haitarudi. Vidole bikikaa bila kazi bikazoea kukaa. Nitakuja kesho."

Alikuja, na tata akaubonyeza mpira. Hiyo ilikuwa karibu mwaka mmoja uliopita. Sasa vidole vinafunguka kidogo zaidi ya nusu. Kine anasema huenda vingefika mbali zaidi, huenda visingefika, hawezi kuapa. Hunitazama anaposema hivyo, si kwa ubaya.

Kundini niliandika kwamba taji langu halikuwa la haki, kisha nikatoka kabla sijasoma majibu. Vijana wawili waliacha kuleta simu kwangu, au labda walihamia kibanda kingine kwa sababu nyingine. Sikuwauliza.

Tata alipoweza kukaa tena kitini, alimwita dada, si mimi. Aliomba safari ianzwe upya, kwa ugumu wa chini kabisa, wawili tu. Nilibandua plasta, nikaiunganisha maneti, nikampa mkononi. Alibonyeza kitufe kimoja kimoja huku akitazama skrini, vyote, akisubiri kila kimoja kifanye kazi yake. Nilisimama mbele yake hadi alipomaliza. Hufanya hivyo kila nikimpa kitu chenye umeme, hata simu, hata tochi.

Huwa nawasikia Jumamosi ninapojiandaa kwenda kibandani. Anahesabu, moja, mbili. Dada anamngoja. Wakifa wanaanza tena, na wakati mwingine wanacheka. Wiki mbili zilizopita nilisimama mlangoni nikauliza kama naweza kukaa nao, nichukue yule wa ngao.

Tata alifikiri. Alifikiri kweli, nililiona hilo usoni mwake, hakuwa ananitafutia adhabu.

"Tukiwa watatu, maadui wanapata nguvu," alisema. "Weye mwenyewe ulinifundisha. Bado sijaweza."

"Ndiyo, tata," nilisema.

Nilichukua mfuko wangu wa vifaa, nikatoka. Kibandani kulikuwa na mama mmoja akinisubiri na simu iliyoanguka majini, nikamfungulia.